Maziwa yako na ya ng'ombe

Ngamiani, Tanga

Mwanangu kipenzi,

Umeniuliza kama likizo yako ya siku 84 ikiisha mtoto aachiwe maziwa ya ng'ombe, yazimuliwe kwa maji nusu kwa nusu na kutiwa sukari, kama alivyoshauri mkweo. Hapana mwanangu, asipewe.

Mafuta ya maziwa yako na ya ng'ombe yanakaribiana, gramu 4 hivi kwa mililita 100. Protini ndiyo mbali: yako yana gramu 1 na kidogo, ya ng'ombe zaidi ya 3, maana ndama huongeza uzito maradufu kwa wiki saba hivi, mtoto wetu kwa miezi minne au mitano. Tena sehemu kubwa ya protini ya ng'ombe ni kaseini, ile aina inayoganda. Kamulia ndimu kwenye kikombe cha maziwa hayo uone yanavyoganda mabonge. Tumboni mwa mtoto huwa vivyo hivyo, ilhali yako hukatika chembe laini. Chumvi nayo ni karibu mara tatu. Figo zake changa huitoa kwa maji mengi, na kwa joto letu hili, akiharisha kidogo tu amekauka.

Ukizimua, chumvi inapungua na mafuta yanapungua. Sukari humrudishia nguvu, haimrudishii mafuta, vitamini C wala kinga. Linalonitia hofu zaidi ni madini ya chuma. Kote ni kidogo, ila ya kwako mtoto hufyonza karibu nusu, ya ng'ombe sehemu ndogo. Na maziwa ya ng'ombe huweza kuuchubua utumbo ukavuja damu usiyoiona chooni. Mtoto hupauka polepole, watu wakidhani ndiyo rangi yake.

Basi kamua yako. Nawa mikono, chemsha kikombe chenye mfuniko. Kidole gumba juu ya weusi wa titi, vingine chini. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia. Usivute chuchu, utajichubua. Badili titi kila dakika chache, kwa nusu saa hivi. Nje ya friji yasikae zaidi ya muda wa saa 4, na joto likizidi yawahiwe zaidi. Kwenye friji siku 4. Krimu ikipanda juu hayajaharibika, yazungushe taratibu. Pasha kwa kutumbukiza kikombe kwenye maji ya moto, usiyainjike jikoni. Anyweshwe kwa kikombe, atakayobakiza yamwagwe.

Kazini, sheria ya ajira ya 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ziombe mapema.

Mkweo mwambie kwa adabu: ya ng'ombe mtoto atakunywa akitimiza mwaka.

Mama yako