Mzee Asiyesumbua: kwa muuguzi anayeanza wodi ya upasuaji wa moyo

Mdogo wangu, wiki yako ya kwanza wodini utavutwa na wagonjwa wanaoita. Kijana aliyebadilishiwa vali ya moyo atataka maji, atataka dawa ya maumivu, atataka kujua lini anaruhusiwa. Kitanda cha pembeni atakuwapo bibi wa miaka 70 na ushee, amelala chali, shuka limenyooka, hasemi kitu. Utamwuliza, "Bibi, unaumwa?" Atajibu, "Sijambo mwanangu, namshukuru Mungu." Utaandika kwenye faili kwamba hana malalamiko, kisha utarudi kwa kijana. Huyo bibi ndiye aliyenifanya niandike haya.

Wazee wetu hawakulelewa kulalamika mbele ya mtoto, na wewe kwake ni mtoto hata ukivaa sare. Wapo pia walionyamaza kwa hofu. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walikuwa wakipelekwa nje, India hasa. Mzee wa leo alikuwa mtu mzima zamani wakati kufunguliwa moyo kulikuwa habari ya kusikia tu, na wengi waliingia chumba cha upasuaji wakiwa wameshawaaga watoto. Anapozinduka, hataki kumwudhi mtu yeyote.

Kwa hiyo swali la "unaumwa?" halitakusaidia. Mwambie avute pumzi ndefu, kisha akohoe. Akikohoa kwa koo tu, huku mkono umeshika kifua na uso umekunjamana, umepata jibu. Mfupa wa kifua umepasuliwa kwa msumeno na kufungwa kwa nyaya za chuma, na huchukua wiki 6 hadi 12 kuungana. Anayeogopa kukohoa hukusanya makohozi, sehemu ya chini ya mapafu hujifunga, na baada ya siku chache unatibu nimonia ambayo haikuwa na sababu ya kutokea. Mpe dawa ya maumivu kwa saa zake bila kusubiri aombe. Mpe mto mdogo aukumbatie anapokohoa. Usimpe diklofenaki, dawa ya maumivu inayoelemea figo, kwa mazoea. Figo za mzee hazina akiba. Kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kinaweza kuonekana kizuri kwa sababu tu misuli yake imepungua, kumbe figo zimechoka.

Asubuhi mimi huanza na shikamoo, kitanda kwa kitanda, kabla sijagusa mashine ya presha. Wenzangu wengine huona ni adabu tu. Kwangu ni kipimo. Jana alijibu, "Marahaba mwanangu, umeamkaje, watoto hawajambo?" Leo anatazama dari, na marahaba inakuja baada ya muda, nyembamba, au haiji kabisa. Hapo naacha kila kitu.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla baada ya upasuaji wa moyo kunawapata wazee wengi. Yule anayeng'oa dripu na kutaka kwenda shambani usiku kila mtu atamwona. Kuna mwingine anayezama kimyakimya: analala mchana kutwa, hali, hajui ni saa ngapi, ukimwita anafungua macho na kuyafumba. Ndugu watasema amepumzika. Na wewe, kwa sababu zamu ni nzito, utatamani kuamini hivyo.

Mimi niliamini. Alikuwa fundi seremala wa miaka 74, siku ya tatu baada ya kupandikiziwa mishipa ya moyo. Usiku mbili hakuwa amelala, kwa hiyo nilipomwona amelala mchana wote nilifurahi, nikafunga pazia ili wasimwamshe. Binti yake alikuja saa ya kuona wagonjwa akaniambia, "Sista, baba hajaniuliza habari za mafundi wake. Si kawaida yake." Nikamjibu amwache apumzike. Jioni sista mkubwa aliyekuja kunipokea aliweka mkono juu ya tumbo la chini la yule mzee, akanitazama, akaniuliza mpira wa mkojo ulitolewa saa ngapi. Ulitolewa alfajiri. Kwenye chati, safu ya mkojo ya zamu yangu nzima ilikuwa tupu. Walipomwekea mpira upya ilitoka karibu lita nzima. Akili ilimrudia polepole, kwa siku nne.

Alipopata nafuu nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia hakuweza kukojoa kwenye chupa huku mabinti wanapita, na hakuona maneno ya kuniambia mimi, niliye sawa na mwanawe wa mwisho. Tangu siku ile, mzee wa kiume anayetolewa mpira namvutia pazia na namwita muuguzi mwanamume akae naye. Na ndugu anayesema "si kawaida yake" namsikiliza kuliko mashine, kwa sababu mimi namjua mgonjwa kwa siku tatu, yeye anamjua maisha yake yote.

Mzee akibadilika hivyo, tafuta sababu mwilini kabla ya kufikiria dawa ya kumtuliza: mkojo uliozuilika, choo kigumu, maumivu, oksijeni ndogo, sukari iliyoshuka, maambukizi, dawa mpya ya usingizi. Tafuta pia kwenye begi lake. Miwani imo humo, na meno ya bandia, na kifaa cha masikio. Tumemlaza mtu asiyeona vizuri wala kusikia vizuri kati ya taa zisizozimwa na kengele za mashine, kisha tunashangaa amepotea. Vitoe siku ya kwanza. Mchana fungua dirisha, usiku punguza taa, na mwombe binti yake aketi karibu badala ya kumfunga mikono kwa bandeji.

Homa ni kimya kingine. Kidonda cha mzee kinaweza kuharibika kabisa na kipimajoto kikasoma 37. Utakachoona ni kwamba amekataa uji, anahema haraka, au amechanganyikiwa. Weka kiganja juu ya kifua, mwambie akohoe. Ukisikia mfupa unacheza, au majimaji yanatoka kwenye mshono, mwambie daktari saa hiyo hiyo, usingoje raundi ya asubuhi. Kwa aliyepandikiziwa mishipa, angalia na mguu ulipotolewa mshipa. Wengi tunasahau kuwa kuna kidonda cha pili.

Ukipangwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, utafundishwa kuogopa damu nyingi kwenye mpira unaotoa damu kifuani, na ni sawa. Zaidi ya mililita 200 kwa saa si jambo la kusubiri. Lakini uogope zaidi mpira uliokuwa unatoa ukaacha ghafla. Huenda damu imeganda njiani, na ile inayoendelea kuvuja ndani inauzunguka moyo na kuubana. Presha inashuka, mishipa ya shingo inajaa, mkojo unapungua, mikono inapoa. Kabla hujaandika kwa furaha kwamba damu imekoma, hakikisha mpira haujapinda chini ya mgongo, kisha soma presha na mkojo pamoja, ukitazama saa mbili zilizopita. Hali hiyo ikiwepo, daktari wa upasuaji aitwe akiwa popote alipo.

Siku ya pili na ya tatu shika mkono wa mgonjwa dakika nzima. Kati ya wagonjwa 10 wa upasuaji wa moyo, 2 hadi 4 hupata mapigo yanayokwenda ovyo, na umri ukizidi ndivyo hatari inavyozidi. Mashine itakuonyesha mapigo 95 kwa dakika na utaona si mbaya. Vidole vitahisi rasharasha ya mvua juu ya bati, haina mpangilio. Mwambie daktari, ulizia kipimo cha potasiamu, madini ya damu yanayosaidia moyo kupiga sawasawa. Yakiendelea, damu huganda kwenye chumba cha juu cha moyo, na donge likienda kwenye ubongo mzee uliyemsaidia kupona anaondoka amepooza upande mmoja.

Kusimama kwa mara ya kwanza: akae kwanza ukingoni mwa kitanda, pima presha, ndipo asimame, wewe ukiwa ubavuni. Asijivute kwa mikono.

Watoto walioko Ulaya watakupigia simu wakiuliza kwa nini baba apasuliwe wakati wamesikia vali inaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja. Wana hoja. Daktari Alain Cribier alifanya hivyo kwa mara ya kwanza mwaka 2002 huko Rouen, Ufaransa, na kwa wazee ambao vali yao kuu imeziba kwa chokaa njia hiyo imeokoa wengi. Haimfai kila mgonjwa, na gharama yake ni kubwa. Wajibu kwa heshima, uwaelekeze kwa daktari bingwa. Usimkatishe mtu tamaa kwa jambo lisilo lako kuamua.

Siku ya kuruhusiwa ndiyo tunayoifanya vibaya kuliko zote, kwa sababu kitanda kinasubiriwa. Mzee anapokea mfuko wa dawa na maelezo ya dakika tano, anaitikia "ndiyo, ndiyo", na hakuna lililoingia. Mtafute atakayempikia na kumpa dawa, mweleze huyo, kisha mwambie akueleze wewe. Mwenye vali ya chuma atameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Ndiyo sababu wengi waliopita miaka 65 huwekewa vali ya mnyama. Kwa anayemeza wafarini, usimkataze mchicha, kisamvu na matembele, maana atakuitikia na nyumbani atakula. Mwambie ale kiasi kilekile kila wiki. Mkataze kununua diklofenaki au metronidazoli dukani bila kuuliza, na dawa ya mizizi hata ikiletwa na mjukuu kwa mapenzi. Mweleze kwamba choo cheusi au fizi zinazotoka damu ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo.

Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kujisaidia; kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji, si unono. Ng'onda na papa mkavu aviache kwa sababu ya chumvi. Asibebe ndoo, wala mjukuu, wala asisukume mlango mzito mpaka mfupa uunge. Na kwenye gari la kwenda nyumbani mfunge mkanda mwenyewe, kwa sababu ataukwepa akihofia kidonda. Uweke ule mto mdogo wa kukohoa kati ya mkanda na kifua chake.