Udizaina bado unalipa? Majibu yangu kwa wanaotaka kuanza sahivi

Kuna dogo kanitumia meseji ndefu wiki hii, anasema dada mi napenda sana ubunifu wa grafiki, Photoshop nimeshaizoea, ila kila nikiingia mtandaoni nakuta watu wanasema kazi imekufa, akili mnemba (AI) imeshaimaliza, sasa niendelee au nitafute kitu kingine? Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili nikashindwa, maana swali hilo hilo lilishaninyima usingizi kipindi fulani, kwa hiyo naandika hapa na wengine wasome.

Kwanza hofu yake haijatoka hewani. Jukwaa la Uchumi Duniani kwenye ripoti yao ya ajira ya 2023 waliihesabu kazi yetu kwenye zile zinazokua kwa wastani, ilipotoka ya 2025 tukajikuta kwenye orodha ya kazi zinazotarajiwa kupungua kwa kasi kuelekea 2030. Miaka miwili tu hapo katikati. Na kilichotokea kila mtu alikiona, 2022 ndo DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion, programu za AI unazoziandikia maneno zinakutolea picha, zilifika mikononi mwa watu wa kawaida, 2023 Adobe wenyewe, wenye Photoshop, wakaleta AI yao ya picha inayoitwa Firefly wakaiingiza mpaka ndani ya Photoshop. Anayekwambia hamna kilichobadilika anakudanganya, na ukimchunguza vizuri utakuta anauza kozi.

Sasa niwaambie yaliyonikuta mimi.

Nilianza na vikazi vidogovidogo, vipeperushi, kadi za mwaliko, logo za watu wanaofungua biashara. Nikapanda taratibu mpaka nikapata mteja mmoja mkubwa, simtaji jina, huyu ndo alikuwa ananilipia kodi. Posti zake za mitandaoni nafanya mimi, brosha mimi, mabango mimi. Anapiga simu usiku wa manane anataka faili kabla hakujakucha, naamka nafanya. Siku moja akanitumia picha za bango lake jipya akaniuliza naonaje. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nikamuuliza kafanya nani, akasema kijana wa ofisini, kaandika maneno tu AI ikatoa. Mwezi uliofuata hamna kazi, na unaofuata hamna. Hakuwahi kuniambia tumeachana, alinyamaza, na kimya kile kiliniuma kuliko angenifukuza, maana baada ya miaka yote ile hata asante sikupata. Mpaka leo nikiona matangazo yake kuna kitu kinanichoma.

Kipindi kile nilikuwa naamka naangalia simu, naiweka chini, naiangalia tena. Nikaanza kufikiria kuuza kompyuta.

Afu akarudi. Hakurudi kwa kuomba radhi, alirudi kwa sababu amekwama. Alikuwa na logo mpya iliyotoka kwenye AI na alitaka ikae ubavuni mwa gari la kampuni na idariziwe kwenye mashati ya wafanyakazi, mafundi wote wawili wameikataa faili. Nikaifungua. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024. Kwenye simu inang'aa kabisa, ukiivuta ifikie upana wa mlango wa gari kingo zote zinakuwa vidaraja. Ina bluu inayofifia kwenda zambarau, wakati mashine ya kudarizi inatumia uzi, na uzi una rangi yake moja basi. Kuna vimistari vyembamba kama nywele ambavyo sindano haiwezi kuvishona vikaonekana. Nikazidi kukuza nikafika kwenye jina la kampuni, lina herufi S mbili, na hizo S hazifanani! Moja tumbo lake liko juu, nyingine limeshuka chini. Yeye alikuwa ameitazama logo ile kila siku hajaona. Na ile bluu yenyewe ilikuwa bluu ya skrini, bluu ya mwanga, ukiipeleka kwenye wino inatoka imepooza.

Nikaichora upya yote kwa vekta, yaani mchoro wa mistari ambao hata ukiukuza vipi hauharibiki. S nikachora moja kwa mkono nukta kwa nukta, nikainakili. Rangi nikazipunguza zikabaki mbili. Nikamtolea toleo la gari, toleo la kudarizi, toleo la rangi moja kwa ajili ya muhuri, na ukurasa mmoja wa maelekezo wenye namba za rangi za wino na za skrini, ili fundi yeyote akiushika asipige simu kuuliza. Nikataja bei. Ilikuwa juu kuliko niliyokuwa namtoza zamani kwa logo ya kuanzia mwanzo. Alilipa, hakubishana hata kidogo.

Hapo ndo nilielewa kitu ambacho nataka kila dizaina mchanga akielewe mapema. Picha nzuri sahivi kila mtu anaipata, kwa hiyo ukijitambulisha kama mtu wa kutengeneza picha nzuri, soko lako limeshaondoka na halirudi. Kinacholipiwa ni mtu anayejua ile kitu inaenda kukaa wapi, itasomwa na nani, itachapwa na mashine gani, na ikiharibika yeye ndo ataulizwa. AI haiulizwi. Kijana wa ofisini naye haulizwi, atasema mashine ndo ilitoa hivyo.

Na hii imeshatokea huko nyuma, msidhani sisi ndo wa kwanza. Kompyuta ya Apple, Macintosh, ilitoka 1984, mwaka uliofuata zikaja programu ya kupanga kurasa ya PageMaker na printa ya LaserWriter, na ndani ya muda mfupi watu waliokuwa wanaishi kwa kupanga herufi na kubandika kurasa kwa wembe na gundi wakakosa kazi. Wengi hawakurudi tena kwenye fani, lazima niliseme hilo kwa sababu tunapenda kusimulia upande wa waliopona tu. Waliopona ni wale waliokuwa wanajua kwa nini ukurasa huu unasomeka na ule unachosha macho, wakahama na ujuzi wao wakaingia kwenye kompyuta. Canva, ile programu ya mtandaoni yenye miundo tayari, ilipokuja 2013 nayo ikachukua posta za sherehe na vipeperushi, tukalia, waliokuwa na kitu cha zaidi wakaendelea kula.

Angalia hata bei za zamani. 1971 Carolyn Davidson akiwa mwanafunzi alichora alama ya Nike akalipwa dola 35. 1986 Paul Rand, dizaina mkongwe wa Marekani, alilipwa dola 100,000 kwa logo ya NeXT, kampuni ya kompyuta ya Steve Jobs, na alichompelekea Jobs ni logo moja tu pamoja na kijitabu kinachoeleza hatua kwa hatua kwa nini iwe vile. Sisemi alama ya Nike ilikuwa mbovu, dunia nzima inaijua! Nasema yule mzee alikuwa anauza sababu, na mteja aliinunua sababu. Wewe ukituma logo kwenye WhatsApp bila maelezo, afu mteja akuambie "badilisha rangi", "ongeza kidogo", "nipe na nyingine", unashangaa nini? Hukumpa cha kushika.

Kwa hiyo dogo, endelea. Ila usiendelee kwa njia uliyoanza nayo. Photoshop peke yake haitoshi. Jifunze herufi, kaa na fonti mbili tatu uzijue kama unavyojua sauti za ndugu zako. Jifunze uchapaji, nenda kwa wachapaji usimame pale uone karatasi inavyokatwa, utaelewa kwa nini tunaacha milimita 3 za ziada pembeni. Jifunze mambo ya usomekaji, kwamba maandishi ya kawaida kwenye skrini yanatakiwa uwiano wa utofauti wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma yake ili na mwenye macho dhaifu asome, hii ukimwambia mteja mwenye tovuti anakaa sawa anakusikiliza. Na AI itumie. Mi naitumia kutafuta mawazo, kupanua mandhari ya nyuma, kufuta vitu kwenye picha, kazi ya saa nzima inaisha kwa dakika. Ila uliza maswali kabla hujafungua programu yoyote. Nani atasoma? Akiwa wapi? Unataka afanye nini akishasoma? Madizaina wengi hawaulizi, wanakimbilia rangi. Uliza jamani, ulizeni, mteja anayeulizwa maswali mazuri anaanza kukuheshimu hata kabla hajaona kazi.

Jambo la mwisho ni mikataba, na hapa vijana mnaumizwa sana. Andika kwenye mkataba sehemu gani ya kazi imetoka kwenye AI na ipi umechora mwenyewe. Marekani mahakama ya rufaa ilishaamua 2025 kwamba kazi iliyotengenezwa na mashine peke yake, bila mtu kuwa mtunzi, haipati hakimiliki, na mteja mwenye malengo ya mbali atakuuliza hilo. Andika idadi ya marekebisho. Andika malipo ya awali kiasi gani na yanaingia lini. Atakayekwambia fanya bure utapata kujulikana, mwambie bei yako kwa adabu na umalize hapo. Na faili za vekta zisitoke mpaka pesa yote iwe imeingia, mtumie picha ya kuangalia tu yenye jina lako katikati, hata kama ni rafiki, hata kama ni ndugu.