Mwanangu, kuhusu Birsa uliyeniuliza

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo. Umeniuliza mbona hapo Ranchi, India, unakosoma uwanja wa ndege na chuo cha kilimo vyote vimepewa jina la Birsa Munda, wakati mwenyewe alipigana na Waingereza kwa mishale kwa muda mfupi tu, akashindwa, akafia gerezani akiwa na miaka 24.

Anza na ardhi. Kwa Wamunda, kabila lake, ukoo uliotangulia kufyeka msitu ndio wenye ardhi, wote kwa pamoja. Hati yao ilikuwa makaburini: mabamba makubwa ya mawe waliyowalazia wazee wao. Waingereza wakataka karatasi, na karatasi walikuwa nazo mamwinyi na wakopeshaji kutoka nje. Mwenye shamba akajikuta mpangaji, tena anafanyishwa kazi bila ujira. Jiwe la babu lingesomwa na hakimu gani?

Birsa, mzaliwa wa 1875, alisoma kwa wamisionari wa Kijerumani pale Chaibasa, kisha akaachana nao. Akahubiri, akatibu wagonjwa, watu wakamwita Dharti Aba, Baba wa Ardhi. Walimfunga 1895; alipotoka akaendelea palepale. Mkesha wa Krismasi 1899 mishale ikaanza kuruka, na Januari 9, 1900 askari wakawamiminia risasi wafuasi wake kwenye kilima cha Dombari, wanawake wakiwamo. Wengi waliamini risasi zitageuka maji. Najua umemkumbuka Kinjikitile. Hata mimi, na hii ilikuwa miaka kama mitano kabla ya Maji Maji yetu. Usiwacheke, mwanangu. Anayekwenda kukabili bunduki kwa upinde lazima apate cha kumtoa nyumbani.

Alikamatwa Februari, akafa Juni 9. Serikali ikasema ni kipindupindu. Wapo wasioamini hadi leo.

Sasa huko kushindwa. Mwaka 1908 serikali ileile ya kikoloni ikatunga sheria ya Chotanagpur, eneo la Wamunda, ya kuzuia ardhi ya makabila isiuzwe ovyo kwa watu wa nje. Huruma sioni hapo. Naona hofu ya Dombari nyingine. Sheria hiyo ingali hai. Mwaka 2016 serikali ya jimbo la Jharkhand ilitaka kuilegeza, watu wakaingia barabarani, na 2017 gavana akaurudisha muswada bila kuuridhia. Gavana mwenyewe alikuwa Droupadi Murmu, mama wa kabila la Wasantali, ambaye 2022 alikuja kuwa rais wa India.

Baba yako