Kabla hujampa binti yako jina la Kiwelisi, soma yaliyonikuta

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji ameniandikia. Ameolewa huku Wales kama mimi, ana mimba ya miezi saba, mtoto ni wa kike, na ukweni wanataka jina la Kiwelisi. "Dada, nianzie wapi?" Ujumbe wake nimeusoma mara tatu, maana jambo hili lilishanitoa machozi.

Kifungua mimba wangu tulikubaliana aitwe Olwen. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia: katika hadithi ya kale ya Wawelisi, Olwen ni binti wa jitu, na kila alipokanyaga yalichipua maua manne meupe. Ol ni alama ya unyayo, wen ni nyeupe. Nililipenda palepale.

Siku ya kumsajili mume wangu alikuwa kazini, nikaenda peke yangu. Mtandaoni nilikuwa nimeona majina ya namna hiyo yakiandikwa kwa y, nami nikaandika hivyo bila kumuuliza mtu. Jioni mama mkwe akaja na blanketi alilolifuma mwenyewe, pembeni ametarizi OLWEN kwa uzi mweupe. Nikaweka cheti mezani kando ya blanketi. Akakitazama, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, olwyn kwetu ni gurudumu."

Yeye hakucheka. Aliyecheka ni shemeji yangu mmoja, na siku ya Krismasi akalirudia mbele ya wageni. Miaka tisa imepita, kicheko kile bado nakisikia.

Tulirekebisha, kwa sababu sheria ya huku inaruhusu kubadili jina la mtoto ndani ya miezi 12 tangu asajiliwe. Lakini wewe usifike huko. Shika hili: wen ni ya kike, wyn ni ya kiume. Bronwen, Ceinwen, na Dwynwen, yule mtakatifu wa wapendanao ambaye sikukuu yake ni 25 Januari, wote huishia na wen. Tahajia za mitandaoni ziache. Muulize mzee aliyekulia katika Kiwelisi.

Maana ziko nyingi na ni nzuri. Seren ni nyota, Eira theluji, Mererid lulu, Carys limetoka kwenye neno la kupenda, na Angharad ni apendwaye sana. Ila jina lipite nyumba zote mbili. Mimba ya pili nilimtaka Mali, ambalo kwao ni jina la kawaida kabisa. Mama yangu Tanga akaniuliza kwenye simu, "Mali? Mali ya nani?" Nikanyamaza. Tukamwita Nia. Wawelisi wamelipata kutoka Niamh la Waireland, lenye maana ya mng'ao, na kwetu nia ni nia. Mama akasema, "Hilo nalijua," akaanza kumwombea dua.

Na usikubali kuambiwa huwezi kuyatamka! Mkazo wao uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Dd ni dh ya dhahabu, kwa hiyo Heledd nalitamka vizuri kuliko Waingereza wengi ninaofanya nao kazi. F moja ni v, ff ndiyo f. Kigumu ni ll ya Gwenllian: weka ulimi kama wa l, kisha pumua bila sauti. Jifunze, maana jina hilo ni zito. Gwenllian, binti wa Llywelyn, mtawala wa mwisho wa Wales iliyokuwa huru, alizaliwa 1282, akachukuliwa akiwa mchanga na kufungiwa katika nyumba ya watawa Sempringham, Uingereza, hadi alipokufa 1337. Alikulia mbali na lugha yake. Ndiyo maana nakuomba, mwanao akianza shule usiruhusu mtu amfupishie jina kwa uvivu wa ulimi. Simama umtamkie mwalimu, hata mara kumi.

Una siku 42 za kumsajili tangu azaliwe. Siku ukienda, jina liwe kwenye karatasi, limeandikwa kwa mkono wa bibi yake.