Haika, usimnunulie mwalimu simu

Haika mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia asubuhi, nikaona nikikujibu kwa sauti kwenye simu nitaishia kugomba. Nimechukua daftari langu la hesabu za kuku, nakuandikia kurasa za nyuma. Barua utaikuta juu ya ndizi.

Umeuliza hivi: shule ya Manka inafunga wiki ijayo, na wazazi wa darasa lake wamekubaliana kwenye kundi la WhatsApp kila mmoja achange elfu thelathini ili mwalimu wa darasa anunuliwe simu, iwe zawadi yake ya Krismasi. Wewe una laki moja ya zawadi zote, na walimu wanaomfundisha Manka ni saba. Je, uchange au ununue vyako, na ukitoa kidogo mtoto ataonekanaje?

Naanza na simu. Usiichangie. Mwalimu anastahili simu, anastahili hata nyumba, lakini fikiria atakavyoipokea. Ataingia nayo ofisi ya walimu saa nne wakati wa chai, wenzake sita wanaomfundisha Manka huyo huyo wamekaa pale na mikono mitupu. Mwalimu wa hisabati, aliyemtoa Manka kwenye kuhesabu vidole mpaka akajua kutoa kwa kukopa, ataliangalia lile boksi na hatasema kitu. Januari wanarudi kufundisha pamoja. Na huyo mwenye simu, kila itakapoita atajua kuna wazazi arobaini wanaoona ni yao.

Halafu ile orodha. Umesema mweka hazina anaituma kila jioni, waliolipa wana alama ya vema, ambao bado majina yao yamebaki tupu. Bibi yangu mimi aliniambia kodi ya kichwa ilikuwa inakusanywa hivyo hivyo. Andika kundini maneno machache, usihutubie: unaomba iwe kadi moja ya darasa zima na kitu kidogo kwa walimu wote, kila mtu atoe anachoweza, majina yasitajwe. Utaona ni wangapi watakuandikia pembeni kukushukuru. Wakikataa, waache na simu yao, wewe fanya yako kimya kimya. Na kabla ya yote mpigie mwalimu mkuu umuulize shule ina utaratibu gani. Shule nyingine zina masharti yake kuhusu zawadi, na ni aibu kumrudisha mtu na mfuko wake getini.

Sasa nikwambie kwa nini nina ukali na jambo hili, maana kuna sehemu sijawahi kuwaambia nyinyi watoto.

Unajua nilianza kufundisha mwaka 1978. Nilikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale tuliotoka darasa la saba tukajifunzia ualimu kazini, kwa kuwa Serikali ilitaka kila mtoto aingie shule na walimu hawakutosha. Vita ya Kagera ikaja mwaka huo huo, ikaisha 1979, na baada yake tukaambiwa tufunge mkanda. Tuliufunga kweli. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, kanga ukisikia zimeshuka dukani unaacha ugali jikoni. Mwaka 1983, siku ya kufunga shule, mama mmoja wa Old Moshi alishuka kwa miguu mpaka shuleni, akanipa kipande cha sabuni ya mche na sukari kidogo ya kufungwa kwenye gazeti. Sukari yenyewe haikujaza kikombe. Akaniambia, "Mwalimu, hii ni ya kwako, wala si ya watoto." Alijua mwalimu akipewa kitu anakigawa. Ile sabuni niliifulia shuka zangu, na hadi leo namkumbuka yule mama jina lake, la mwanawe, na mwandiko wa mwanawe.

Alinipa nilichokuwa nakihitaji, akanipa shule imekwisha, na hakuwa na la kuomba. Mengine ni karatasi za kufungia.

Huo ndio upande mzuri. Upande mwingine ni wa mwaka 1991. Wewe ulikuwa wa kubebwa mgongoni. Baba yako alikuwa amepunguzwa kazi, kaka zako wanakula kama nzige, mshahara wangu unafika umechelewa. Nilikuwa na darasa la saba. Miezi miwili kabla ya mtihani, mzazi mmoja mwenye kahawa nyingi alinisogezea beberu mpaka mlangoni, na debe la maharage juu yake. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Mwalimu, huyu kijana nimekuachia wewe." Nilimpokea. Tulimla Jumapili, na nakumbuka nilivyofurahi kuwaona mnakula nyama.

Kijana yule alikuwa hajui kusoma vizuri. Alikuwa anakariri ukurasa mzima na macho yapo dirishani; ukimpa kitabu kingine anakwama mstari wa kwanza. Nililijua hilo tangu mwezi wa tatu, na nilikuwa nimepanga kumwita baba yake tukae tuzungumze. Baada ya yule mbuzi sikumwita. Kila nikitaka kutuma ujumbe naisikia ile sauti, "nimekuachia wewe," nasema ngoja wiki ijayo. Kwenye ripoti, mahali pa maoni ya mwalimu, niliandika "Anajitahidi." Haika, neno hilo nimeliandika mara nyingi maishani, na mara nyingi lilikuwa kweli. Siku ile lilikuwa bei ya mbuzi.

Hakufaulu. Wakati ule nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na ningeweza kujifariji kwamba hata wanaosoma vizuri waliachwa. Namkuta mara moja moja soko la Mbuyuni, anauza vitunguu, mwanamume mzima na mvi. Ananiita kwa sauti, "Shikamoo mwalimu!" Ananiongezea vitunguu viwili juu ya fungu. Sijawahi kumwambia.

Kwa hiyo ukiniuliza mtoto ataonekanaje ukitoa kidogo, mimi naogopa zaidi ataonekanaje ukitoa kikubwa. Unahitaji mwalimu ambaye mwezi wa tatu atakupigia simu akwambie, "Mama Manka, njoo, huyu mtoto hasomi." Usimpe kitu kitakachomfanya aseme ngoja wiki ijayo. Sheria ipo pia, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na inamkamata anayetoa sawa na anayepokea. Lakini mimi yule mbuzi hakuna aliyenishtaki kwa ajili yake, wala sheria ya siku hizo, na bado aliniziba mdomo.

Haya, tuingie dukani.

Subiri ripoti zitoke kwanza. Alama zikishaandikwa na kukabidhiwa, ndipo upeleke. Peleka wewe, au baba yake, asipeleke Manka mbele ya wenzake. Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto aliyejificha chooni mpaka wenzake walipomaliza kutoa zawadi mezani kwangu, kwa kuwa yeye hakuwa na kitu. Tangu hapo nilizipiga marufuku darasani.

Usinunue kikombe. Ninavyo kumi na saba kabatini, vyote vimeandikwa Mwalimu Bora, na mimi na mjukuu wangu tunatumia viwili. Maua ya plastiki hapana. Saa ya ukutani hapana, ofisi ya walimu ina ukuta mmoja. Kahawa ungeweza kudhani ni zawadi ya kwetu, lakini wewe ni Mchaga unajua siri yetu: tumelima kahawa miaka na miaka, KNCU, ushirika wa wakulima wa Kilimanjaro, ikaanzishwa 1933 kwa ajili yake, na nyumbani tunakunywa chai. Walimu wako vivyo hivyo. Kama yupo unayemjua anakunywa, sawa.

Mwalimu anayepanga chumba kimoja Sakina au Kijenge hapo Arusha, Desemba anawaza mambo mawili, nauli ya kwenda kwao na atafika na nini mkononi. Ukimpa mchele mzuri kilo mbili, sukari na majani ya chai kwenye kikapu kimoja cha ukindu, umemvusha yote mawili. Anaweza kukila, anaweza kukibeba kwao, na hakuna atakayemuuliza kimetoka wapi. Nenda soko la Kilombero asubuhi, au kama una nafasi Jumamosi shuka la Tengeru, vikapu na nafaka vyote utavikuta hapo. Ukinunua saba kwa mara moja utapunguziwa, usione haya kubishana.

Wote saba wapate sawa. Usimpe mwalimu wa Kiingereza zaidi kwa kuwa unamuogopa. Wa darasa unaweza kumwongezea doti moja ya kanga, kwa sababu yeye ndiye aliyemsafisha Manka siku ile alipotapika. Walimu wanaume, wale wawili, usiwanunulie mashati. Mwanamume akifika nyumbani na shati jipya ambalo mkewe hakulinunua, zawadi yako imegeuka kesi. Wape kikapu kama wengine, na mume wako akabidhi.

Mwalimu Rehema ni Mwislamu, umesema. Basi kwake usiandike Krismasi njema, andika asante ya mwisho wa mwaka, inatosha. Idi ikifika mkumbuke tena, hata kwa sahani ya pilau au ujumbe tu. Walimu Waislamu wa huku kwetu wanapokea salamu za Krismasi kila mwaka kwa tabasamu, na sikukuu yao ikifika sisi tunaulizana kama kesho ni mapumziko.

Kuna watu hukuwataja. Matroni wa basi anayemfunga Manka kamba za viatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dereva, mama anayepika makande, mlinzi. Hawa hawamo kwenye orodha ya kundi lenu, na hakuna mtoto anayesoma amekula makande mabichi. Punguza mchele kwenye vikapu saba upate hata sukari kilo moja moja kwa hawa wanne. Laki yako itatosha ukipanga; ikipungua, mimi nitaongeza ndizi.

Manka aandike. Najua watu wanasema barua ya mtoto inapita zawadi zote. Waliosema hivyo hawajawahi kulipa nauli kwa barua. Aandike hata hivyo, lakini usimwambie cha kuandika. Aseme jambo moja ambalo mwalimu huyo alimfundisha. Wa hisabati ataandikiwa kukopa makumi, wa michezo ataandikiwa alichoona yeye. Makosa ya tahajia yaache. Mwalimu anapenda kuyaona, ni kazi yake ile. Na wewe mwenyewe usijitie unyonge kwamba hujui kushukuru. Tulikuita Haika ili uwe asante inayotembea. Ukishindwa na maneno, mwambie mwalimu jina lako lina maana gani kwa Kichaga.

Nimewawekea mikungu miwili ya ndizi mshare kutoka kihambani, boksi litapanda basi la Jumatano asubuhi. Kalipokee stendi mapema, jua la saa saba linaziivisha kabla hujafika nazo Njiro. Chane mbili ni zenu, zilizobaki ndizo za kugawa. Tarehe ishirini na moja nawasubiri nyumbani kwa Krismasi, kuhesabiwa kama kawaida yetu Wachaga, na mume wako mwambie mbege ipo.

Na ile doti ya kanga. Mwaka wangu wa kustaafu, 2018, mzazi mmoja mpole kabisa aliniletea kanga nzuri ya zambarau, pindo limenyooka, mji umejaa korosho, nikaifungua mbele ya walimu wote. Alikuwa amechagua rangi, hakusoma jina. Chini imeandikwa: Shukrani ya punda ni mateke. Walimu walicheka mpaka mwalimu mkuu akatoka nje. Ninayo bado, naivaa nikienda kulisha kuku. Ukifika dukani, ifunue yote, isome kwanza, ndipo utoe hela.

Mama