Maswali na Majibu: Kusaka Vikasha kwa GPS, Maweni na Jangwani

Vijana wanazungumzia kusaka vikasha kwa GPS. Mchezo wenyewe ni upi? (Msomaji, Wete)

Mtu anaficha kikasha kisichoingia maji, ndani yake mna daftari dogo, kisha anatangaza mtandaoni vipimo vya mahali alipokificha. Wewe unakitafuta, ukikipata unaandika jina na tarehe, unakirudisha palepale. Mchezo huu una jina la kigeni, jiokeshingi. Ulianza Mei 2000. GPS ni mfumo wa setilaiti wa Marekani unaoonyesha mahali ulipo, na Marekani ilikuwa ikiitia kasoro kwa makusudi ile ya raia, kifaa kikikosea hata mita 100. Ilipoiondoa, siku ya pili yake Mmarekani Dave Ulmer akaficha kikasha cha kwanza, ndoo, karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon.

Sisi ni ndugu wanne wa Chake, tupo Maskati. Tunataka kuingia Wahiba, jangwa la mchanga la huku Oman, na gari ya foo-wili kusaka vikasha. Tujiandae vipi?

Hapa nitakaa kidogo, ndugu zangu, maana jangwa halina masihara.

Kabla ya kuingia mchangani toeni upepo kwenye tairi: kama kawaida yake ni PSI 35 kwenye geji ya upepo, shusheni hadi 18 hivi. Tairi iliyolegea hutandaa juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Pampu ya kurudishia upepo iwemo garini, na msikimbize gari kwenye lami kabla ya kujaza, kwani tairi laini likienda kasi hupata moto likapasuka. Nendeni gari mbili. Maji ya kunywa yasipungue lita 4 kwa mtu kwa siku, na zidisheni akiba. Miezi ya joto, Mei mpaka Septemba, iacheni ipite. Ramani ipakueni mkiwa mjini: GPS hufanya kazi bila mtandao wa simu, lakini ramani isiyopakuliwa haifunguki huko.

Sasa mshale wa kwenye simu. Wenyewe hunyooka tu, haujui tuta wala bonde. Matuta makubwa ya Wahiba yamelala kaskazini kwenda kusini. Kikasha kikiwa mashariki yenu, msiyakate matuta kwa kuufuata mshale. Piteni bondeni baina yake mpaka mpate pahala pa kuvukia. Ukifika karibu na kilele, shuka ukatazame kwa macho yako, maana upande wa pili huweza kuwa poromoko. Gari likikwama, kukanyaga mafuta ni kulizika. Fukueni mchanga mbele na nyuma ya tairi kwa beleshi, mrudi nyuma kwa kufuata alama za tairi zenu wenyewe. Ikishindikana, kaeni na gari: huonekana mbali kuliko mtu anayetembea.

Na huku kwetu maweni, Makunduchi au Micheweni, nitoe upepo vilevile? (Dereva, Fuoni)

La, usifanye hivyo. Jiwe letu la matumbawe lina ncha kama msumeno, na ubavu wa tairi ukitepeta ndio unaochanika, wala ubavu hauzibiki kwa kiraka. Wacha upepo wa kawaida, endesha polepole, chukua tairi la akiba zima. Njia ikishaingia vichaka, liache gari utembee.

Simu ilinipeleka mbali kabisa na kikasha. Kifaa kibovu? (Mwanafunzi, Mwanakwerekwe)

Sidhani, mwanangu. Tazama ulivyoandika vipimo. Vikasha hutolewa kwa digrii na dakika, mfano S 6° 10.500'. Ukiandika 6.105 umeisogeza sehemu hiyo karibu kilomita 8, kwa sababu dakika 10.500 ni digrii 0.175. Na ukisahau ile S, yaani kusini, simu itakupeleka Ethiopia. Chini ya mikarafuu mikubwa pia mshale huyumba, basi ukikaribia uweke mfukoni utafute kwa macho.

Nimeona pango zuri, nifiche changu humo? (Msomaji, Mkoani)

Kwanza nenda kwa sheha, kisha kwa wazee wa kijiji. Mapango mengi yetu ni mizimu. Ukikuta ubani, vitambaa au sarafu, hapo pana wenyewe wanaokuja kuomba, na kikasha chako ni kuwaingilia. Hili silikubali kabisa, hata mgeni alete hoja gani. Ukipewa ruhusa ya pahala pengine, usichimbe kukizika, na usitie chakula, panya na kaa watakitafuna. Msitu wa Ngezi ni hifadhi, pitia langoni uulize.

Tupite na gari ufukweni Vumawimbi? (Kikundi, Konde)

Hapana. Kasa hutaga kwenye mchanga wa fukwe, na tairi hugandamiza mayai yake. Tena wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, nayo hayatalingoja gari lililozama mchangani. Egesheni juu, muulizeni mvuvi saa ya maji kujaa, mwende kwa miguu.