Mgonjwa hacheui

Wadogo zangu wa tafsiri, jana nimepokea rasimu ya tatu mwaka huu inayomshauri mgonjwa wa sonona "apunguze kutafakari kwa kina". Matini chanzi, ya Kiingereza, inasema rumination, ile hali ya kuwaza jambo lilelile linaloumiza bila kukoma. Jamani! Kutafakari ndiko tunakohimizwa msikitini na kanisani, nyie mnamkataza mgonjwa?

1. Soma matini yote kabla ya kugusa sentensi ya kwanza. Mnajua. Hamfanyi.

2. Neno lilikotoka siko liliko. Hapa siwacheki peke yenu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kipeperushi cha afya ya akili, kurasa 4 tu. Nikafungua kamusi, nikakuta ruminate ni la Kilatini, ruminare, kucheua. Ni ukoo mmoja na rumen, tumbo la kwanza la ng'ombe, na Waingereza wanalitumia kwa kufikiri tangu karne ya 16. Nikaona nimeokota dhahabu: cheua si tunalo! Nikaandika kwa mbwembwe, "Mgonjwa hucheua sana usiku, hasa akiwa peke yake." Mhariri alikuwa likizo, sikumngoja. Vikachapwa.

Wiki ya pili akapiga muuguzi, mpole kweli: "Samahani kaka, hapa mnazungumzia vidonda vya tumbo?" Kwake anayecheua ni mtoto aliyeshiba ziwa, kalazwa begani mwa mama anapigwapigwa mgongo. Kuna mgonjwa alishasoma kipeperushi akaomba dawa ya kiungulia.

Usiku tatu sikulala. Sentensi ileile inakuja, inaondoka, inarudi, na sauti ya yule muuguzi nyuma yake. Asubuhi ya nne mama akanitazama nikikoroga chai isiyo na sukari, akasema, "Mwanangu, una mawazo." Basi! Neno lilikuwa mezani kwetu siku zote. Toleo la pili likaandikwa "mawazo yaleyale yanayomrudia", na muuguzi hakupiga tena.

3. Msiichukie asili, lakini. Ponder, kutafakari, limetokana na pondus la Kilatini, uzito, nasi tunapima jambo na kupima maneno. Hapo mizani imelingana, tumia. Ila hiyo ni bahati, msiifanye kanuni.

4. Rasimu ya jana nimeirudisha. Naisubiri kesho saa nne asubuhi. Na mhariri yupo, nimehakikisha.